Rejista Haihesabu Wanaougulia Nyumbani

Makala iliyodai kwamba kuhara kumepungua wilayani Kilosa, eti kwa kuwa rejista za zahanati zina majina machache, imekosea tangu msingi. Rejista huhesabu waliofika. Haimhesabu mtoto wa Mikumi ambaye mama yake alinunua ORS na vidonge vya zinki duka la dawa, akamnywesha nyumbani kijiko kwa kijiko usiku kucha.

Kwa Kilosa kosa hilo ni zito zaidi. Mto Mkondoa ukifurika, kama ulivyofurika kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, maji ya vyooni huchanganyika na ya visima, na njia hukatika. Hatari hupanda wakati uleule zahanati haifikiki. Takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya unaotegemea rejista hizo, zikishuka mwezi huo, tuite nafuu?

Njia sahihi inajulikana, na utafiti wa kitaifa wa afya na demografia huitumia: kaya huchaguliwa bila upendeleo, mama anaulizwa kama mwanawe wa chini ya miaka 5 ameharisha katika wiki 2 zilizopita. Lakini sampuli ile huonyesha hali ya mkoa, haishuki hadi kata. Tena swali liwe na kipimo kimoja, kile cha Shirika la Afya Duniani: choo chepesi mara 3 au zaidi kwa siku.

Kwa hiyo halmashauri ipite kaya kwa kaya, masika na kiangazi, bila kuruka maboma ya wafugaji. Kabla ya hapo, mwandishi wa makala ile hana haki ya kuandika "kumepungua".