Muungano hawakuharibu Missa Luba, acheni hiyo

Wasee, nimevumilia wiki mzima, leo najibu.

Niliweka video ya dakika tatu nikilinganisha rekodi mbili za Missa Luba, ile ya Kamina ya 1958 na ile ya Muungano National Choir ya 1990. Nikasema ya Muungano ndiyo nasikiza mara nyingi. Kwani nilitukana mama ya mtu? Komenti zikajaa. Ati hiyo ya Kenya imepigwa pasi. Ati ni ya kuimbia watalii hotelini. Ati roho ya Afrika iko kwa ile ya kwanza tu.

Kwa wale hawajui: Missa Luba ni misa ya Kikatoliki. Maneno ni ya misa ya Kilatini, lakini sauti na ngoma ni za Kongo. Ilitoka Kamina, huko Katanga, kwa kwaya ya wavulana kama 45 na walimu kama 15, chini ya padri Mbelgiji anaitwa Guido Haazen. Waliiimba mara ya kwanza Machi 1958, mwaka huo huo wakazungushwa Ulaya mpaka kwa maonyesho ya dunia ya Brussels, na rekodi ikatoka kwa Philips. Mwaka 1968 Sanctus yake ikawekwa kwa filamu ya Uingereza, If...., na wazungu wengi waliijulia hapo.

Sasa niambieni, hiyo usafi mnayoililia iko wapi? Kwaya yenyewe iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa mfalme Baudouin. Mfalme wa Ubelgiji! Nchi ilikuwa koloni, na jina linalotangulia mpaka leo ni la padri. Wangapi kati yenu mnajua Joachim Ngoi? Ni mwalimu wa Kamina, na ndiye ile sauti ya peke yake inayowatoa machozi. Mnapenda roho ya Afrika lakini mwenye roho hamjui jina.

Na muziki wenyewe ulikuwa na wenyewe kabla padri hajafika. Kyrie imefuata kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Sanctus imetoka kwa wimbo wa kuagana. Hosanna ni ngoma ya kucheza ya Kasai. Sasa mimi sijawahi kuona msiba wa kwetu Afrika ambao wanawake wamefunga mdomo. Lakini kwa rekodi ya 1958 hakuna mwanamke hata mmoja, ni wavulana na walimu wanaume, kwa sababu ilikuwa kwaya ya shule. Boniface Mganga alipoleta Muungano, akaleta watu wazima, wanaume kwa wanawake. Kyrie ikifika pale sauti za akina mama zinapanda, mimi hukumbuka shangazi zangu siku ya kilio. Ya Kamina ni nzuri, lakini haijawahi kunifanyia hivyo. Nani sasa yuko karibu na kasala?

Kitu kingine. Wale wa Kamina hawakuwa na noti. Walijua njia lakini si kila hatua, nyingine walibuni papo hapo, na noti ziliandikwa baadaye. Kwa hivyo Muungano walipewa kazi ngumu kuliko mnavyofikiria: kuimba kitu kilichoandikwa kisikike kama kinazaliwa sasa hivi. Hiyo inataka mazoezi. Na nyinyi mkisikia mazoezi mnasema roho imetoka. Mzungu akifanya mazoezi anaitwa bingwa, Mwafrika akifanya mnasema amepotea.

Nitakubali moja, kwa sababu mimi si mwongo. Sanctus ya 1958 hakuna mtu ameifikia. Inaanza kama mtu anaongea peke yake jioni, mkanda unakwaruza, halafu Hosanna inalipuka na unasikia vijana wanakimbilia mbele. Muungano wanaiimba sawasawa, lakini unajua wanajua inaenda wapi. Hapo Kamina wamechukua, walahi. Albamu nzima? Bado Muungano, na sijahesabu zile nyimbo za kienyeji za Kenya walizoziweka humo.

Kuna wengine walikuja na ile nyingine: Msomali na misa wapi na wapi. Ndugu, mimi nasikiza, siswali nayo. Nilikua Modogashe nikisikia watoto wa dugsi wakisoma pamoja alfajiri, na usinishike vibaya, hiyo si muziki. Lakini sikio langu lilijua mapema kwamba sauti nyingi zikikaa pamoja kifua kinatetemeka. Missa Luba yenyewe nilionyeshwa na rumeti wangu Nairobi, kabla karo inishinde nirudi nyumbani.

Na mbona nimeshikwa na hasira hivi? Kwa sababu hii maneno naijua. Nilipoanza, nilirekodi na simu imepasuka kioo, upepo unavuma, ngamia anapita nyuma, na mkanipenda. Juzi nimeuza mbuzi wawili nikanunua maikrofoni, nikajifunza kuhariri usiku bando ikiwa rahisi. Komenti ya kwanza: "Ulikuwa poa kitambo, sasa umekuwa wa Nairobi." Ya pili: "Rudisha ngamia." Yaani mnanitaka na vumbi. Nikijua kazi yangu vizuri, nimewakosea.

Basi kesho usiku naweka sehemu ya pili. Kyrie mbili, sekunde 40 kila moja. Ile ya Kamina nimeisafisha mkwaruzo, ile ya Muungano nimeiongeza mkwaruzo. Sitasema gani ni gani. Nyinyi wa roho ya Afrika, mtaandika chini iko kwa ipi, na majibu natoa Ijumaa baada ya swala.