Vidhibiti Mwendo Vichaguliwe kwa Kazi, Si kwa Bei

Mota za umeme hutumia zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote duniani. Ndizo zinazosukuma maji mijini, kuendesha vinu vya nafaka na kuvuta mikanda ya mizigo viwandani. Kwa hiyo Taifa lililojenga bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, halina budi kutambua kwamba kuzalisha umeme ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuutumia kwa akili.

Imekuwa desturi ya miaka mingi pampu kuendeshwa kwa kasi yake yote, na maji yakizidi mahitaji vali hufungwa nusu. Huko ni kuchota ndoo mbili na kumwaga moja njiani. Dawa yake inajulikana: ni kidhibiti mwendo, chombo kinachoubadili umeme wa Hezi 50 kuwa wa hezi chache zaidi, ili mota izunguke kadiri ya kazi iliyopo. Pale ambapo kazi kubwa ya pampu ni kuyapitisha maji katika mabomba, kuishusha hadi Hezi 40 hupunguza nguvu inayotakiwa hadi karibu nusu.

Hata hivyo, chombo hiki si hirizi. Pampu inayopandisha maji kwenye tangi lililo mlimani haiwezi kukwepa kimo hicho. Akiba yake huwa ndogo, na ikipunguzwa mwendo kupita kiasi huzunguka bure bila tone kufika juu. Hesabu hii yapasa kufanywa kabla ya zabuni kutangazwa, si baada ya fedha za umma kulipwa.

Wanaoandika maombi ya ununuzi wasitosheke kutaja nguvu ya mota na kutafuta bei ya chini. La kwanza ni ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. La pili ni aina ya mzigo: kidhibiti kinachoifaa pampu au feni chaweza kushindwa na mashine ya kuponda mawe, ambayo hudai nguvu nyingi tangu inapoanza kuzunguka. La tatu ni mahali. Watengenezaji wengi huhesabu uwezo wa vyombo vyao hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kuupunguza kwa takribani asilimia moja kwa kila mita 100 zinazozidi. Kwa hiyo, kinachotosha Tanga chaweza kupungukiwa Mbeya, iliyo kwenye kimo cha mita 1,700 hivi. Pwani nako kuna adui wake, yaani joto, unyevu na chumvi.

Chombo kikishafika, kisiachwe na vipimo vya kiwandani. Volti, ampea, hezi na mizunguko ya mota husika viingizwe kama vilivyo kwenye kibati. Kinga ya joto ifuate ampea hizo hizo, kwa kuwa mota inayokwenda polepole huku ikibeba mzigo mzito hupoozwa kidogo na feni yake, na yaweza kuungua. Pampu ipewe muda wa kuanza na kusimama taratibu, ili maji yasigonge na kupasua mabomba. Vipimo vyote viandikwe katika daftari la mtambo, ili fundi akihamishwa ujuzi usihame naye.

Hapa ndipo walimu wa ufundi wanapoitwa mbele. Kijana anayetoka chuoni akijua kufunga nyaya tu, bila kujua kusoma kibati cha mota, hajakamilika. Nao wakuu wa idara wampe fundi nafasi ya kusema kabla hati ya ununuzi haijatiwa saini. Haraka haraka haina baraka, na kidhibiti kilichonunuliwa kwa pupa ni mzigo mwingine juu ya mgongo wa mwananchi anayelipia maji.