Bangi kijiweni: dereva na mwanafunzi wanakutana vipi?

Kila inapotangazwa kwamba mashamba ya bangi yameteketezwa Arumeru au Tarime, swali huwa ni nani analima. Nani anavuta, na kwa nini, huulizwa mara chache.

Tuanze na dereva. Vijana wengi wa bodaboda hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wana hesabu ya kumpelekea bosi kila siku, au wako kwenye mkataba ambao ukikamilika chombo kinakuwa chao. Mvua ikinyesha, hesabu iko pale pale. Pikipiki ikilala gereji, iko pale pale. Anayeingia barabarani alfajiri na kutoka saa tano usiku hutafuta kitu cha kumtoa uchovu na woga, na msokoto unapatikana hapo hapo kijiweni. Lakini bangi haiondoi uchovu. Inachelewesha mwili kuitikia hatari na kuvuruga makadirio ya umbali na muda, yaani kazi yenyewe ya dereva. Sheria inakataza kuendesha ukiwa umetumia kilevi, iwe pombe au dawa. Hata hivyo, kile kifaa cha trafiki cha kupuliza hupima pombe tu. Aliyevuta bangi anapuliza, anapita.

Mwanafunzi ana njia yake. Shule ya kata ikiwa mbali na nyumbani na haina bweni, mzazi humpangishia chumba jirani na shule: geto. Nia ni njema, mtoto asitembee kilomita kumi. Ila jioni ikifika hakuna mtu mzima wa kumuuliza ametoka wapi, na "kaka" wa karibu ni yule wa kijiwe cha pale kona. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, na anayeanza bangi mapema yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuwa tegemezi. Akikwama kidato cha nne, kazi ya haraka ni bodaboda, na bangi anaingia nayo kazini.

Wenyeviti wa mitaa wanazijua nyumba zilizopangishwa wanafunzi. Vijiwe vina viongozi wake. Kuwafikia hao hakuhitaji operesheni ya magari kumi. Kigumu zaidi ni hesabu, kwa sababu mara nyingi ni makubaliano ya mdomo, na anayeipanga ni mwenye chombo, ambaye hayupo kijiweni.