Kibao cha karatoni si pano ya kampuni



Kila mara kontra zinapoisha mu kampuni moja, tunaona jambo lile lile mu avenyu zetu: kipande cha karatoni kimebandikwa ku lupango, kimeandikwa na makala, "Hapa tunauzisha frigo" ao "Viti vya salon, bei ya kusikilizana". Haiko biashara. Ni mushahara uliokatika, na batoto wanaongoja franga ya masomo.

Jambo hili si la leo. Tangu 2003, wakati wafanyakazi karibu 10.000 wa Gécamines walitoka ku kazi mu ule mupango wa kuondoka kwa mapenzi, tunajua namna jamaa inaishi ikibakia na vyombo vya nyumba tu.

Lakini siku hizi karatoni ile haimalize siku mbili. Anakuja mutu na begi mu kwapa, anasema ni wa komini, anaomba taksi ya matangazo. Ukikosa franga, anapasua kibao. Pengine anataka kubeba na frigo yenyewe.

Sisi ba sendika hatukatae kanuni. Kupiga misumari mu miti ya barabara, kubandika ku nguzo za SNEL, kusimamisha kibao mu kona mpaka mutu wa moto haone mutoto anayevuka, hiyo ni mbaya, tuiache. Na kibao kinachobakia miezi mitatu kisha kitu kuuzwa, ni uchafu tu.

Tunachokataa ni kanuni ya mu kinywa. Konstitisyo, kifungu 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu; kifungu kile kile kinasema pia kuchangia ni wajibu wa kila mutu. Tena kuko ordonansi-sheria n° 18/004 ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2018, yenye liste ya kodi na taksi za provensi na za komini. Basi mwenye kuomba aonyeshe: ni taksi gani mu liste ile, na ni karatasi gani inaweka bei yake? Franga ya mukono kwa mukono, bila kitansi, haijenge barabara hata moja.

Kwa hiyo tunaomba bakubwa ba komini vitu vitatu. Kwanza, kanuni iandikwe mu Kiswahili na ibandikwe ku mulango wa komini na kwa shefu wa kartie. Pili, karatoni ndogo ku lupango lwa mwenyewe, kwa siku chache, isilipishwe. Mwenye pano kubwa mu barabara, yeye alipe. Tatu, kibao kikiwekwa pabaya, mwenye nacho aonywe kwanza, na mali yake isiguswe.

Na ninyi wasomaji, bandikeni ku lupango lwenu, mutoe kibao siku mutamaliza kuuzisha. Akikuja mutu, mumuombe kwa heshima ordre de mission na kitansi. Kama hana, musilipe, lakini musigombane. Mushike jina lake, mulete ku sendika. Tukikuja kumi na majina kumi, hawatasema tena kama ni maneno ya mutu mumoja.

Mutu anayeuzisha kitanda chake amekwisha kulipa ya kutosha. Komini ijue kumutofautisha na muchuuzi.