Mvinyo ni wa Dodoma. Zabibu ni za nani?

Mvinyo mwekundu mzito wa Dodoma umekwisha kuzoeleka katika maduka na mahoteli ya nchi yetu, na wanaouuza huutaja kwa fahari. Fahari hiyo ni ya haki. Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, na wazee wetu waliujua kwa uwele, mtama na miaka ya njaa. Hata hivyo mizabibu iliyopandwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Bihawana katika miaka ya 1950 imeenea hadi Hombolo, Mpunguzi, Mbabala na Chinangali, nayo huzaa mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mkulima wa Ulaya, ambaye mizabibu yake hulala wakati wa baridi, huvuna mara moja tu.

Lakini mvinyo mwekundu mzito mara nyingi ni mchanganyiko. Zabibu nyekundu ya Makutupora huchanganywa na aina nyingine, kama vile Syrah, ili rangi, ukakasi na nguvu vilingane. Hiyo ni kazi halali ya fundi wa kiwandani, wala hatuna ugomvi nayo. Tunachouliza ni kilichomo ndani ya mchanganyiko huo.

Sheria ya ushuru wa bidhaa imeupa nafuu kubwa mvinyo ambao zabibu za nchini ndani yake zinazidi asilimia 75. Makusudi yake ni wazi: Taifa limekubali kupoteza sehemu ya mapato ili mkulima apate soko. Sasa, wakulima wamelalamika mara kwa mara kwamba viwanda vingine hutumia malighafi iliyokolezwa kutoka nje, huku zabibu zao zikikosa mnunuzi. Kama malalamiko hayo ni ya kweli hata kwa kiwanda kimoja, basi nafuu aliyotengewa mkulima inanywewa na mtu mwingine.

Zabibu hazingojei kikao. Zikishaiva huharibika kwa siku chache, na mnunuzi anayelijua hilo hukaa kimya mpaka bei ishuke. Zamani ilikuwapo kampuni ya umma, DOWICO. Ilipoanguka, mkulima aliachwa sokoni peke yake. Baadhi ya wakulima wameamua kukamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu katika matangi. Ni hatua ya kishujaa, lakini mchuzi nao umewahi kukaa bila kununuliwa, na mwenye deni la benki hawezi kulilipa kwa tangi lililojaa.

Wapo watakaotuuliza sisi, tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu na juzuu mkononi, tunatafuta nini katika habari za mvinyo. Hatuunywi. Lakini katika chuo hicho hicho tulifunzwa mapema ubaya wa kupunja kipimo, na hapa shauri lenyewe ni la kipimo. Mkulima wa Mpunguzi, awe Mkristo au Mwislamu, ana watoto wa kusomesha.

Tena kupima si kazi ngumu. Kilo moja ya zabibu haitoi hata lita moja ya mvinyo. Kwa hiyo mkaguzi akichukua stakabadhi za kilo zilizonunuliwa kwa wakulima, akaziweka kando ya lita zilizolipiwa ushuru wa nafuu, hesabu itasema yenyewe. Darasa la saba wanaiweza. Ajabu ni kwamba kwa miaka yote hii hatujaona hesabu hiyo ikibandikwa katika ofisi ya kata yoyote ile ya wakulima wa zabibu.

Twapendekeza ianze kubandikwa: jina la kiwanda, kilo kilizonunua, kijiji zilikotoka na lita zilizotengenezwa. Viwanda vyenye uaminifu havitapata hasara yoyote, bali vitapata sifa. Halmashauri nazo, ambazo hutoza ushuru wa mazao, zinazo tayari kumbukumbu za magari yaliyopita na mizigo yake. Zikabidhiwe kwa vyama vya ushirika kabla ya mavuno ya Agosti, ili viongozi wao wanapokwenda kujadiliana bei wawe na karatasi mkononi kama aliyonayo mnunuzi.