Kazi moja, mishahara miwili

Juma hili tunaongea juu ya mshahara na mahali unapofanyia kazi.

Sisi walimu tunaijua habari hii. Leta ina shule kutoka Kinshasa mpaka Kabambare, lakini kwa miaka mingi iligawa inchi katika zoni za mshahara. Kinshasa ilikuwa juu, sisi wa Kasongo chini. Programu ni moja, diploma ni moja, na watoto wote ni wa Kongo. Katika mgomo wa 2021 sendika za walimu ziliomba zoni hizo ziondolewe. Anayesema maisha ya huku ni rahisi hajanunua sabuni iliyofika kwa pikipiki kutoka mbali.

Lakini zoni si mambo ya walimu tu. Tuchukue mfano. Shirika moja lina ofisi Kindu, Kasongo na Kabambare. Kindu anayetunza depo ni baba, Kabambare ni mama. Wakihesabu watu wa Kabambare peke yao, mama hana wa kujipima naye, na orodha inaonekana safi. Wakiweka ofisi zote tatu katika orodha moja, tofauti inatoka waziwazi. Ndiyo sababu tuulize: tumewekwa katika kundi gani, na nani alilipanga?

Inchi zingine zimejibu. Katika jimbo la Ontario, Kanada, sheria ya 1987 inahesabu pamoja wafanyakazi wote wa mwajiri mmoja walio katika eneo moja la utawala, hata kama majengo ni mengi. Na maeneo yanaweza kuunganishwa. Uingereza, mwezi wa tatu 2021, korti kubwa iliruhusu wafanyakazi wa maduka ya Asda, wengi wao wanawake, wajilinganishe na watu wa depo zake, wengi wao wanaume, ijapokuwa hawafanyi kazi mahali pamoja. Korti haikusema bado kwamba kazi hizo zina thamani sawa. Ilifungua tu mlango wa kulinganisha.

Kwetu, artikle 86 ya Kode ya Kazi ya 2002 inasema: hali ya kazi, ujuzi na matokeo vikiwa sawa, mshahara uwe sawa, bila kutazama asili, mwanamke au mwanaume, wala umri. Wafanyakazi wa Leta wenye sheria yao wako nje ya Kode hiyo. Lakini tangu 1969 Kongo imekubali Mapatano namba 100 ya Shirika la Kimataifa la Kazi: mwanamke na mwanaume walipwe sawa kwa kazi ya thamani sawa. Basi hata majina ya kazi yakitofautiana, thamani inaweza kupimwa.

Tufanye nini? Kabla ya kutia sahihi, uliza zoni yako na kiwango chake. Tunza kila karatasi ya mshahara. Uliza wenzako wa ofisi zingine wanapata ngapi, pamoja na primu. Tofauti ikikosa sababu, wenye mikataba ya Kode wapeleke neno kwa inspekta wa kazi. Yeye hupatanisha kwanza, kabla ya korti.

Tunajua wengi wanaogopa kufukuzwa. Kwa hiyo mtu asiende peke yake. Kidole kimoja hakiuwi chawa.

Tuonane juma lijalo.