Kitefute Kilichovunjika na Kitefute cha Kununua

Ndugu Waislamu, nakuandikieni kutoka Nyarero, wilaya ya Tarime, ninakosomesha watoto. Lakini maneno haya yanakuhusuni zaidi nyinyi jamaa zetu wa Pwani.

Kijana mmoja wa hapa, ambaye baba yake alihamia huku kwa biashara, alianguka na pikipiki. Kitefute chake kikabonyea, jicho likashuka, kitu kimoja akakiona viwili. Akaandikiwa aende hospitali ya Bugando, Mwanza. Ami yake akapiga simu kutoka Pwani: "Asipasuliwe uso! Huko ni kubadili umbo la Mungu." Wiki zikapita, mfupa ukaunga vile vile ulivyopinda. Mfupa wa uso hutakiwa kurudishwa mapema, mnamo wiki mbili hivi. Ukishaunga vibaya, mpasuaji hana budi kuuvunja upya, kisha aufunge kwa vibati vya titani.

Na ami huyo huyo ndiye aliyetoa fedha binti yake akatiwe vitefute vya silikoni, ati uso wake ni bapa katika picha za harusi!

Je, hii ni dini gani, inayomharimishia mgonjwa na kumhalalishia mwenye afya?

Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab. Akatengeneza pua ya fedha, ikanuka. Mtume (S.A.W.) akamwamuru atie ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume! Kuondoa madhara kulitangulizwa. Lakini katika Hadithi ya Ibn Masud wamelaaniwa wanaochonga meno yaachane kwa kutafuta uzuri. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, ilipambanua hivyo hivyo: kurekebisha kilema cha kuzaliwa au cha ajali kwafaa; kubadili umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio hakufai.

Tena kisu hicho si mchezo. Silikoni hupenyezwa kwa ndani ya mdomo na kukalishwa juu ya mfupa. Yaweza kuingia usaha, yaweza kuhama shavu moja likapita jingine. Chini ya jicho upo mshipa wa fahamu. Ukiumizwa, shavu na mdomo wa juu hufa ganzi. Mgonjwa hulazimika kuvumilia hatari hiyo. Bibi harusi mzima analazimishwa na nani?

Na binti yule msimlaumu peke yake. Ni nani aliyemwambia tangu utotoni kuwa uso wake ni bapa? Si shangazi, si mama, si sisi tunaocheka? Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratut-Tiin kwamba amemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Sisi tukamfundisha mtoto kuwa amekosewa.

Ewe ami, fedha unazo na njia ya Bugando iko wazi. Mpeleke mtoto wa nduguyo.

Wallahu aalam.